Dawa za zamani kwa magonjwa mapya: kutoka "Juliana" hadi Marburg

Machi 2023 habari zilianza kusambaa hapa Bukoba kwamba kuna ugonjwa usiojulikana katika vijiji vya Bulinda na Butayaibega, kata za Maruku na Kanyangereko. Wagonjwa walipata homa kali, walitapika, wengine walitokwa na damu na figo zao zikashindwa kufanya kazi. Tarehe 21 ya mwezi huo Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa maabara imethibitisha ni Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa Tanzania.

Hapa Kitendaguro watu waliacha kushikana mikono. Kila tulipofungua simu studio, swali lilikuwa lile lile: "Mtangazaji, dawa yake ni ipi?" Tulipojibu kwamba hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa Marburg, swali la pili lilifuata: "Sasa kwa nini wasijaribu hizi zilizopo? Maduka si yamejaa dawa?"

Wengine walidhani ni swali la kitoto. Si kweli. Ni swali ambalo wanasayansi wakubwa duniani wanajiuliza kila ugonjwa mpya unapozuka, na mara kadhaa jibu lake limeokoa watu wengi. Mara nyingine jibu lake limeua. Makala hii inaeleza tofauti iko wapi, ili siku nyingine uvumi wa "dawa imepatikana" ukifika kwenye simu yako, ujue la kuuliza.

Wazo lenyewe

Kutengeneza dawa mpya kuanzia mwanzo huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi. Lazima itafutwe, ijaribiwe maabara, kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa watu wengi. Virusi vinavyoruka kutoka kwa mnyama kuingia kwa binadamu havisubiri miaka kumi.

Dawa ambayo tayari inatumika kwa ugonjwa mwingine ina nafasi ya kuanzia mbele. Kipimo chake kinajulikana, madhara yake yanajulikana, viwanda vinaitengeneza na bei yake mara nyingi ni nafuu. Kinachobaki ni swali moja tu: je, inafanya kazi kwa ugonjwa huu mpya?

Hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Dawa kuwa salama kwa malaria au minyoo si sawa na dawa hiyo kutibu kirusi kipya. Hata usalama wenyewe ni wa kipimo kile na kwa mgonjwa yule. Ukibadili kipimo au ukampa mgonjwa aliye katika hali nyingine, usalama ule huna tena uhakika nao.

Kagera tuliwahi kuona faida yake

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1983. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitoka mkoa huu wa Kagera. Watu hawakuwa na jina la ugonjwa huo, wakauita "Juliana", kwa jina la mashati yaliyokuwa yakiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Familia ngapi ziliachwa na bibi peke yake na wajukuu? Hakuna kijiji cha Bukoba au Muleba kisichojua.

Dawa ya kwanza kuidhinishwa dhidi ya kirusi hicho, nchini Marekani Machi 1987, iliitwa AZT. Haikutengenezwa kwa ajili ya UKIMWI. Iliundwa mwaka 1964 na mtafiti Jerome Horwitz, ambaye alikuwa akitafuta dawa ya saratani. Kwenye saratani haikufaa, ikawekwa kando. Miaka 20 baadaye watafiti walipokuwa wakipekua dawa zilizokwisha kuwepo, wakakuta kwamba inamzuia kirusi cha UKIMWI asizaliane.

Inamzuia vipi? Fikiria mnyororo wa baiskeli unaoungwa pingili moja baada ya nyingine. Kirusi akiingia kwenye chembe ya mwili wako, huunga mnyororo wake wa vinasaba namna hiyo ili atoe nakala zake nyingi. AZT ni pingili ya bandia. Inafanana na ile halisi, kirusi anaichukua na kuiunga, lakini pingili inayofuata haiwezi kushika. Mnyororo unakatikia hapo.

AZT peke yake haikutosha, kwa sababu kirusi alijifunza kuikwepa. Ilibidi ichanganywe na dawa nyingine, na hizo ndizo ARV ambazo serikali ilianza kuzitoa bure nchini mwaka 2004. Lakini mlango ulifunguliwa na dawa iliyokuwa imekwisha kutupwa. Kumbuka mfano huo wa pingili, tutaurudia tukifika kwenye Marburg.

Dawa ya bei ndogo iliyookoa watu wakati wa UVIKO

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea mwaka 2020, Uingereza ilianzisha jaribio kubwa lililoitwa RECOVERY. Walichukua dawa kadhaa za zamani wakazijaribu kwa wagonjwa waliolazwa hospitali.

Mojawapo ilikuwa deksamethasoni. Dawa hii ipo tangu miaka ya 1960, na hospitali nyingi hapa kwetu zinayo. Hutuliza uvimbe na mwili unapojishambulia wenyewe. Wagonjwa 2,104 walipewa dawa hiyo na wengine 4,321 walipata matibabu ya kawaida bila dawa hiyo. Nani apewe na nani asipewe iliamuliwa kwa kura, bila kuchagua uso wa mtu.

Matokeo yalitoka Juni 2020. Kwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine, kati ya kila 100 wasiopewa dawa walikufa kama 41. Kati ya kila 100 waliopewa, walikufa kama 29. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, vifo vilipungua kutoka kama 26 hadi 23 kwa kila 100. Dawa ya bei ndogo kabisa ikawa ya kwanza kuthibitishwa kupunguza vifo vya UVIKO.

Lakini soma na sehemu hii. Wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Vifo kati ya waliopewa dawa vilikuwa kama 18 kwa kila 100, na kwa wasiopewa kama 14. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha madhara, lakini ilitosha kuwaambia madaktari wasimpe mgonjwa asiyehitaji oksijeni. Dawa hii hupunguza kinga ya mwili na hupandisha sukari. Kwa hiyo dawa moja, ugonjwa mmoja, lakini aliyezidiwa inamsaidia na mwenye mafua mepesi nyumbani haimsaidii. Huwezi kuijua tofauti hiyo kwa kusikia ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Klorokwini: matumaini yaliyozimika

Ukiwa na umri wa miaka 30 na zaidi, unaikumbuka klorokwini na mwili kuwasha usiku kucha. Ilikuwa dawa yetu ya malaria hadi mwaka 2001, ilipoondolewa kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Baadaye, kuanzia 2006, tukaanza kutumia dawa ya mseto.

Mwanzoni mwa 2020 klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini zilirudi kwa kishindo. Katika vyombo vya maabara zilionekana kumzuia kirusi cha UVIKO. Viongozi wa nchi kubwa wakazisifu hadharani. Watu duniani kote wakakimbilia madukani. Nigeria iliripoti watu waliodhurika kwa kunywa klorokwini nyingi. Huko Arizona, Marekani, mtu mmoja alikufa baada ya kunywa klorokwini ya kusafishia tangi la samaki. Na wagonjwa wa maradhi ya viungo na ngozi, ambao wanaihitaji haidroksiklorokwini kila siku, wakaikosa.

Jaribio lile lile la RECOVERY likaipima. Wagonjwa 1,561 walipewa, 3,155 hawakupewa. Vifo vilikuwa 27 kwa kila 100 kwa waliopewa, na 25 kwa kila 100 kwa wasiopewa. Haikuokoa mtu.

Ivamektini nayo ilipita njia hiyo. Ni dawa nzuri sana kwa kazi yake: inagawiwa bure katika mikoa yenye usubi na matende, na waliogundua chanzo chake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Maabara moja ya Australia iliripoti mwaka 2020 kwamba inaua kirusi cha UVIKO kwenye chombo. Kilichosahaulika ni kwamba kiasi kilichotumika kwenye chombo kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachofika kwenye damu ya mtu aliyemeza vidonge vya kawaida. Jaribio la Brazil lililohusisha wagonjwa 1,358 na kuchapishwa 2022 halikuona faida. Na wafugaji wanajua kuna ivamektini ya sindano ya ng'ombe na mbuzi. Ile si ya binadamu, hata kama jina ni moja.

Kwa nini "mimi nilikunywa nikapona" haitoshi

Jogoo akiwika, jua huchomoza. Lakini si jogoo aliyelichomoza. Mtu akinywa kitu leo na kesho akapata nafuu, huenda kile kitu kimemsaidia, na huenda angepona tu. Magonjwa mengi ya virusi, watu wengi hupona wenyewe. Waliokunywa kitu hicho wakafa hawatumi ujumbe wa kusimulia.

Ndiyo maana madaktari huhitaji makundi mawili yanayofanana, yaliyogawanywa kwa kura, na kuhesabu waliokufa na waliopona katika kila kundi. Wapo wanaosema ni ukatili kumnyima mtu dawa. Lakini kabla ya jaribio hakuna anayejua kama kundi lililopewa ndilo lililobahatika. Kwenye haidroksiklorokwini, aliyekosa hakupoteza chochote.

Marburg: safari ya dawa moja kutoka Kongo hadi Rwanda

Turudi kwenye swali la simu zile za 2023. Je, kuna dawa ya zamani ya kujaribu kwa Marburg? Ipo moja ambayo imezunguka katika eneo letu hili la maziwa makuu. Inaitwa remdesiviri.

Nayo ni pingili ya bandia kama AZT. Watengenezaji walianza nayo wakitafuta dawa ya virusi vingine, vikiwemo vya homa ya ini aina ya C. Ebola ilipozuka mashariki mwa Kongo mwaka 2018, iliingizwa kwenye jaribio lililoitwa PALM, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Jaribio liliongozwa na taasisi ya utafiti ya Kongo, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi ya afya ya Marekani. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura katika makundi manne ya dawa, wakati vita na mashambulizi dhidi ya vituo vya matibabu vikiendelea.

Agosti 2019 matokeo yalionyesha remdesiviri imeshindwa. Kati ya waliopewa, 53 kwa kila 100 walikufa. Dawa mbili za kingamwili zilipunguza vifo hadi kama 35 na 34 kwa kila 100. Mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Leo dawa hizo mbili zimeidhinishwa kwa Ebola ya aina ya Zaire. Kwa Marburg hazifanyi kazi, kwa sababu kingamwili ni kama ufunguo wa kufuli moja.

Remdesiviri haikutupwa. Mwaka 2020 ilijaribiwa kwa UVIKO, na katika jaribio moja kubwa wagonjwa waliolazwa walipona kwa wastani wa siku 10 badala ya 15. Marekani ikaiidhinisha kwa ugonjwa huo Oktoba 2020. Majaribio mengine yaliona faida ndogo zaidi.

Kisha Septemba 27, 2024, majirani zetu Rwanda wakatangaza Marburg. Wagonjwa wengi walikuwa wahudumu wa afya. Rwanda ikawapa remdesiviri pamoja na kingamwili mpya iliyo bado kwenye utafiti, inayoitwa MBP134. Ikawapa pia uangalizi wa hali ya juu: maji ya mshipa, vipimo vya damu kila siku, na mashine za kupumulia kwa waliozidiwa. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika Desemba 20, 2024, walikuwa wameugua watu 66 na kufa 15.

Linganisha na kwetu. Mlipuko wa Bukoba wa 2023, uliotangazwa kwisha Juni 2 mwaka huo, ulihesabu wagonjwa 9 na vifo 6, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya. Mlipuko wa Biharamulo, uliotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 20, 2025, ulihesabu watu 10, na wote walifariki.

Je, ni remdesiviri iliyowaokoa Wanyarwanda? Usikimbilie kusema ndiyo. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Wagonjwa wao wengi walikuwa watu wa umri wa kufanya kazi, waligundulika mapema, na walipata kila kitu kwa pamoja. Kipi kilichofanya kazi kubwa zaidi hakiwezi kutenganishwa. Remdesiviri kwa Marburg bado ni dawa ya majaribio.

Lakini kuna jambo moja ambalo takwimu za Biharamulo zinalisema wazi. Kati ya wale 10, ni wawili tu waliothibitishwa maabara. Wanane walifariki na kuzikwa kabla mlipuko haujathibitishwa, wakahesabiwa baadaye kwa kufuatilia historia zao. Kwa watu hao wanane, hata kama dawa bora duniani ingekuwa kwenye ghala la hospitali ya mkoa, isingewafikia.

Kuwahi ni nusu ya dawa

Jaribio lile la Kongo lilipima pia siku. Kati ya wagonjwa waliofika kituoni ndani ya siku moja tangu waanze kuumwa, 19 kwa kila 100 walikufa. Waliofika baada ya siku tano, walikufa 47 kwa kila 100.

Ugonjwa wa mpox umetufundisha hayo hayo. Dawa ya tekovirimati iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya ndui, ugonjwa unaofanana na mpox. Ilijaribiwa Kongo, na Agosti 2024 ikatangazwa kwamba haikufupisha muda wa vidonda kupona. Hata hivyo vifo katika jaribio hilo, kwa waliopewa dawa na wasiopewa, vilikuwa chini ya 2 kwa kila 100, pungufu kuliko ilivyozoeleka Kongo. Watafiti walisema sababu ni kulazwa na kuhudumiwa vizuri. Mpox imethibitishwa Tanzania pia, Machi 2025.

Kwa hiyo hata pale ambapo hakuna dawa ya kirusi, hospitali si mahali pa kungojea kufa. Maji ya mshipa, oksijeni, kushusha homa, kutibu malaria iliyoingia pamoja na kirusi, kulinda figo: hayo yanaokoa.

Ukisikia "dawa imepatikana", uliza haya

Kwanza, imejaribiwa kwa watu au kwenye chombo cha maabara tu?

Pili, kulikuwa na kundi la kulinganisha, na waligawanywa kwa kura?

Tatu, ilimsaidia mgonjwa wa aina gani? Aliye kwenye oksijeni, au aliye nyumbani?

Nne, nani ameidhinisha? Hapa nchini kazi ya kusajili dawa na kuruhusu majaribio ya dawa ni ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muuzaji wa duka la dawa muhimu hana mamlaka hayo, na mtangazaji wa redio pia hana.

Na ukipata homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, kutapika, kuharisha au kutokwa na damu, usinunue vidonge na kusubiri. Nenda zahanati au kituo cha afya, au mwite mhudumu wa afya wa jamii, au piga simu namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Eleza kama umehudhuria msiba, umemuuguza mtu, au umeingia kwenye pango lenye popo. Mgonjwa akifariki kwa dalili hizo, msioshe mwili. Waiteni wataalamu kwanza, hata kama mila inawauma.

Siku moja huenda dawa ya Marburg itatoka kwenye kabati ambalo tayari lipo, kama AZT ilivyotoka. Wanaoweza kuijua ni wale wanaohesabu wagonjwa wakiwa hai. Na wa kuhesabiwa wakiwa hai ni wale waliowahi.